Ringi mpya kwa baiskeli ya mtumba: laki saba zilivyokwenda

Baiskeli yangu ni ya resi, fremu ya alumini, mtumba wa Japani uliopita mikono kadhaa kabla ya kunifikia Sinza. Gia 10 nyuma, 2 mbele, breki za kubana ringi. Fremu nzima, gia zinaingia bila ubishi. Kilichokuwa kinanila hela ni magurudumu. La nyuma lilikuwa na spoki 24 tu, na tangu masika yaishe lilikuwa linakata spoki za upande wa gia, leo moja, baada ya wiki kadhaa nyingine. Fundi anabadilisha iliyokatika, ananyoosha, analipwa, tunaagana. Moja ilikatika Bunju nikirudi kutoka Bagamoyo, nyingine Mwenge karibu na kituo, kwa mlio uliowafanya makonda wageuke kuangalia nani kapigwa.

Kusema kweli magurudumu mapya nilikuwa nayatamani siku nyingi, na si kwa sababu za kiufundi. Tukikutana alfajiri ya Jumamosi Toure Drive, wenye ringi pana nyeusi za kaboni wanapita na ule mvumo wake, na wewe uko pale na ringi nyembamba za rangi ya fedha zilizochubuka. Mtu unatamani. Spoki zilipoanza kukatika nikapata kisingizio cha kumwambia mama watoto. Bajeti tuliyokubaliana, baada ya mazungumzo marefu kuliko yale ya kununua friji, ilikuwa laki saba. Kila kitu ndani: magurudumu, matairi, usafirishaji, kodi, fundi.

Naandika kwa mtu wa Dar mwenye hela za namna hiyo. Ushauri mwingi unaosomeka mtandaoni umeandikwa na watu wanaoagiza leo wakapokea keshokutwa, na spoki ikikatika wanatembea hadi duka la mtaani kwao. Sisi hesabu zetu ni nyingine.

Kabla ya kutafuta chochote nilibeba gurudumu la nyuma hadi kwa mzee mmoja anayetengeneza baiskeli Kariakoo. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, spoki hakuzigusa. Alichukua rula ya chuma, akaisimamisha ubavuni mwa ringi, pale breki zinapobana, akaelekeza kwenye mwanga.

"Unaona nini, mwanangu?"

Niliona mwanga unapenya katikati. Rula iligusa juu na chini, katikati pana bonde.

"Hiyo imeliwa. Siku moja umejaza upepo, uko mteremkoni, umebana breki, inafumuka. Halafu wewe unanililia spoki."

Kama baiskeli yako ina breki za kubana ringi, fanya kipimo hicho leo hii kabla hujaendelea kusoma. Mchanga wa barabara zetu, hasa wakati wa mvua, unanata kwenye pedi za breki na kuzigeuza msasa. Alumini inalika kidogo kidogo mpaka ukuta unakuwa mwembamba, na ndani yake kuna tairi lenye upepo wa psi 90 au zaidi linalousukuma nje. Ringi nyingi hutoka kiwandani na kijishimo au mfereji mwembamba kwenye ukuta huo; ukifutika, ringi imekwisha. Kwangu hata alama ya kwamba mfereji uliwahi kuwepo haikuonekana. Ubavu wa kulia ulikuwa mbaya kuliko wa kushoto, sijui mwenye baiskeli wa kwanza alikuwa anapanda milima gani huko kwao.

Kuhusu spoki, mzee alinieleza jambo ambalo kabla ya hapo nilikuwa nalielewa kinyume. Nilidhani spoki hukatika kwa kukazwa mno. Kumbe mara nyingi inakatika kwa kulegea na kukaza, kulegea na kukaza, kila mzunguko wa gurudumu, mpaka shingo yake pale inapopinda kuingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, inachoka. Gurudumu la nyuma lina tatizo lake la kuzaliwa: gia zimechukua nafasi upande wa kulia, kwa hiyo spoki za kulia zinasimama wima zaidi na kubeba mvuto mkubwa, za kushoto zinabaki na mvuto mdogo. Ukiwa na spoki 24, tena zilizosukwa vibaya kiwandani, kila moja inabeba mzigo ambao ungegawanywa kwa wenzake. Na ukibadilisha moja iliyokatika, zilizobaki ni za umri uleule. Utarudi.

Basi nikaanza na vipimo, na hapa ndipo watu wengi wa Dar wanaumia, kwa sababu duka linakupa "ringi ya 28" na wewe unaondoka nayo ukifurahi.

Angalia ubavuni mwa tairi lako utafute namba mbili zenye kistari katikati. Kwangu iliandikwa 25-622. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa. Hiyo 622 ndiyo 700C, saizi ya karibu baiskeli zote za resi za sasa. Zile baiskeli nzito za mizigo za akina Phoenix, ambazo nazo huitwa 28, nyingi zina ringi ya 635. Tairi la resi halitakaa humo hata ufanyeje. Baiskeli za resi za zamani sana zinazokuja kwenye makontena wakati mwingine ni za inchi 27, ambayo ni 630. Tofauti na 622 ni milimita 8 za kipenyo, yaani pedi za breki zitapishana na ringi kwa milimita 4, na kwa macho huwezi kuiona mpaka ufunge. Kwa upande mwingine, ringi ya baiskeli ya mlimani inayoitwa 29 ni 622 ileile. Siku ukikwama na utepe wa ringi, uliza wa 29 badala ya kurudi nyumbani mikono mitupu.

Kipimo kingine ni nafasi ya nyuma, kati ya miguu miwili ya fremu pale ekseli inapokaa. Kwa baiskeli ya resi yenye breki za ringi ni milimita 130, mbele 100. Za mlimani za ekseli ya kawaida ni 135, na fremu za chuma za zamani zinaweza kuwa 126. Muuzaji mmoja alinihakikishia kwamba habu ya 135 "itaingia tu, fremu inapanuka." Ya chuma inavumilia kupanuliwa kidogo. Ya alumini usijaribu. Alumini haina mchezo huo, inapasuka.

Halafu gia. Kile kiini cha habu kinachovaa kaseti, yaani lile rundo la gia za nyuma, kina aina zake. Vya kampuni ya Shimano vya gia 8, 9 na 10 vinafanana; cha gia 11 za barabarani ni kirefu zaidi kwa milimita 1.85. Habari njema ni kwamba kaseti ya gia 10 inakaa kwenye habu ya 11 ukitanguliza kipete cha 1.85. Kinyume chake kwa kawaida haiwezekani. Kwa hiyo hata kama leo una gia 10 au 9, nunua habu ya 11, kesho ukibadilisha gia hutanunua tena magurudumu. Campagnolo, kampuni nyingine, wana umbo lao, usichanganye.

Nilipokuwa na namba hizo kwenye simu ndipo nikaruhusu tamaa izungumze.

Tamaa ya kwanza ilikuwa kaboni. Mtandaoni ziko pea za ringi zenye kina cha milimita 50, hazina jina linalojulikana, na bei yake ukiitazama haraka inakaribia laki saba. Nilikaa na wazo hilo muda mrefu kuliko lilivyostahili. Nililitupa kwa sababu ya breki. Kaboni inashikiliwa na gundi, na gundi hiyo ina joto lake la mwisho; ukibana breki kwa muda kwenye mteremko mrefu, joto lote linaingia kwenye ringi. Viwanda vikubwa vimehangaika miaka mingi na tatizo hilo. Ringi isiyo na jina imehangaika nalo kiasi gani, mteremko wa Pugu ndio utakaokujibu. Zinahitaji pedi zake maalumu, na kwenye mvua zinachelewa kushika. Fikiria masika, Barabara ya Bagamoyo, bodaboda amekatiza mbele yako.

Kuna na upepo. Sisi tunaishi na kusi na kaskazi, na pwani yote iko wazi. Ukivuka Daraja la Tanzanite, kilomita moja juu ya maji bila kizuizi, ringi pana ya mbele inashika upepo wa ubavuni na kukusogeza upande ambao hukupanga. Jamaa yangu mwenye ringi za kina cha 60, kijana mwepesi wa kilo hamsini na kitu, miezi ya kusi anafunga gurudumu la kawaida mbele. La kaboni linabaki ukutani sebuleni. Linapendeza, sikatai.

Tamaa ya pili ilikuwa uzito, na hii niliimaliza kwa hesabu. Mimi, baiskeli na chupa zangu za maji tunafika kilo 88. Kati ya magurudumu ya kawaida na yale mepesi ya bei ya mbali kuna tofauti ya gramu 400 hivi. Hiyo haifiki nusu ya asilimia moja. Kwenye mlima wa dakika 10, tuseme wa kwenda Kisarawe, ni sekunde zisizofika 3. Watu watakwambia uzito unaozunguka unahesabika mara mbili. Ni kweli, lakini ni wakati wa kuongeza kasi tu, na mara mbili ya kitu kidogo bado ni kitu kidogo. Na Dar yenyewe ni tambarare. Kuanzia Mwenge hadi Bagamoyo unachopambana nacho ni matuta, upepo na malori. Kwenye tambarare adui ni hewa, na sehemu kubwa ya hewa hiyo inagonga kifua chako, haigongi ringi.

Ya tatu ilinisogeza karibu kabisa na kutoa hela. Mfanyabiashara wa mtumba alikuwa na pea ya magurudumu ya Kifaransa, ya chapa kubwa, spoki bapa 20 mbele, laki nne na nusu. Yanang'aa. Nilikwenda na rula yangu. Ukuta wa breki ulikuwa mzima, nikaanza kuchekelea moyoni. Nikashika ekseli nikazungusha kwa vidole, taratibu: gololi zikasikika zinakwaruza. Nikaangalia kila tundu la spoki nikizungusha gurudumu kwenye jua, na kwenye tundu mbili za upande wa gia kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ufa hapo haunyooshwi, haukazwi, hauzibwi. Muuzaji akaapa kwamba ni rangi. Ikawa rangi yake.

Hata kama yangekuwa mazima, nadhani ningeyaacha, kwa sababu ya swali ambalo mzee aliniuliza nilipomwonyesha picha: "Hizo spoki, ikikatika moja Mapinga, utaipata wapi?" Spoki bapa za chapa ile zina kichwa chake na urefu wake, na nilizunguka Kariakoo bila kupata hata moja. Gurudumu lenye spoki 20 likikatika moja linapinda mpaka ringi inakwaruza breki, pengine na fremu. Safari imeishia hapo, piga simu, tafuta bajaji itakayokubali baiskeli. Lenye spoki 32 au 36 likikatika moja linayumba kidogo. Unalegeza breki, unarudi nyumbani polepole.

Swali lile likabadilisha utafutaji wangu wote. Nikaacha kuuliza gurudumu gani ni jepesi au zuri, nikaanza kuuliza gurudumu gani linatengenezeka hapa. Jibu lilikuja haraka: ringi ya alumini ya kuta mbili, habu ya kawaida, spoki za mviringo zenye shingo iliyopinda, nyingi, lisukwe na mtu ninayeweza kumrudia.

Upande wa kuagiza kuna jambo la hesabu ambalo linaokoa hela nyingi. Kampuni nyingi za usafirishaji wa haraka hazitozi kilo tu, zinatazama na nafasi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Boksi la magurudumu mawili lenye 70 kwa 70 kwa 25 linatoka kilo 24.5, wakati mzani unasema kilo 3 na kitu. Unalipia hewa. Kisha forodha wanakokotoa kodi juu ya bei ya mzigo pamoja na usafiri na bima, halafu inakuja VAT ya asilimia 18. Kwa hiyo ile hewa uliyoilipia nayo inatozwa. Nilipoona makadirio ya pea moja nzuri ya alumini iliyosukwa tayari, usafiri na kodi vilikaribia bei ya magurudumu yenyewe.

Habu na spoki zinaingia kwenye boksi la viatu. Ringi zinapatikana mjini. Hapo ndipo mpango ulipokaa sawa.

Lakini anza na ringi, halafu habu. Kariakoo nilipata ringi za alumini za kuta mbili, 622, zenye ukuta wa breki uliochongwa vizuri, upana wa ndani milimita 17, 55,000 kila moja. Zilikuwa za tundu 36, hazikuwepo za 32. Ningekuwa nimeshaagiza habu za 32 ningekaa nazo kabatini, maana idadi ya tundu lazima ilingane. Kwa resi ya Ulaya 36 inaonekana ni nyingi. Baiskeli kongwe za Kiingereza zilikuwa na 32 mbele na 40 nyuma, zikabeba magunia miaka nenda rudi. Sikuona aibu.

Ukinunua ringi, ilaze juu ya meza ya kioo au sakafu ya vigae uone kama inagusa pande zote. Ya kwanza niliyopewa ilikuwa inacheza. Pitisha na kidole pale ilipounganishwa; kukiwa na ngazi, kila ukibana breki utasikia inagonga.

Mzee alizipima ringi kwa kutumia spoki mbili kuukuu zilizokatwa, akapata kipenyo cha pale nati za spoki zinapokaa, nikaingiza namba hizo pamoja na vipimo vya habu kwenye kikokotoo cha mtandaoni. Kwa ringi zangu urefu wa spoki ulitoka milimita 292 mbele, na nyuma 288 kulia na 290 kushoto. Usiagize spoki kabla ya kupima ringi ulizonazo mkononi, kwa sababu milimita 3 zinatosha kuharibu kila kitu. Niliagiza habu za Shimano Tiagra za tundu 36, zinazokubali gia 11, na spoki za chuma kisichoshika kutu, unene wa milimita 2. Zile spoki za bei chee zilizopakwa zinki, kwa hewa yetu ya chumvi, zinaanza kutoa unga mweupe mapema, na nati zake zikishaganda hakuna kunyoosha tena. Ziko pia spoki zilizopunguzwa unene katikati, nazo ni bora kwa kuwa zinanyumbulika, ila bei ilinishinda.

Mzigo ulikaa kwa wakala kuliko nilivyoahidiwa. Kila nikipiga simu naambiwa "kesho, bosi." Nilikuwa nimeshamwambia kila mtu Jumamosi ile nakuja na magurudumu mapya, nikakaa nyumbani.

Kusuka kulichukua mchana mzima na niliomba nikae pembeni. Mzee hana mashine ya kunyooshea. Anageuza baiskeli miguu juu, anatumia pedi za breki kama kipimo, na mvuto anausikiliza kwa sikio. Anapitisha ukucha kwenye spoki moja moja, kama mpiga gambusi anayelinganisha nyuzi, na ile yenye sauti ya chini anaijua kabla haijanyamaza. Za upande mmoja zinatakiwa zitoe sauti moja. Akimaliza mzunguko anashika spoki mbili mbili zinazokaa sambamba na kuziminya kwa nguvu mpaka zinalia, anarudia kunyoosha. Nilimuuliza za nini. "Zikae mahali pake sasa, nikiwa nipo. Zisije zikakaa barabarani." Fundi asiyefanya hivyo anakupa gurudumu lililonyooka dukani na kupinda ukifika Tegeta. Alinitoza 40,000 kwa yote mawili. Sikumwomba apunguze.

Wakati wa kufunga kaseti, kijana wake aliisahau ile pete ya 1.85. Akakaza mpaka mwisho, na kaseti bado inacheza mkononi. Ukiona hivyo usikaze zaidi, pete imesahaulika. Kaseti nyingi za Shimano za gia 10 zinataka na pete nyingine nyembamba ya milimita 1 inayokuja na kaseti yenyewe. Yangu ilikuwa imepotea zamani, tukaitafuta kwenye kopo la vyuma chakavu mpaka ikapatikana.

Pedi za breki usizihamishe kama zilivyo. Zangu zilikuwa na vipande vya alumini vimezama ndani. Tulivitoa kwa ncha ya kisu na kuzipiga msasa, la sivyo zingeanza kula ringi mpya siku hiyohiyo. Tulibadilisha na utepe wa ndani ya ringi. Ule wa mpira unaokuja na ringi za bei ndogo unazama kwenye tundu za spoki ukijaza upepo mwingi, tyubu inapasuka kwa ndani, na wewe unatafuta mwiba kwenye tairi usiouona. Wa kitambaa ulinigharimu 10,000.

Kilichobaki kwenye bajeti kiliingia kwenye matairi, na hapa ndipo nilipopata mabadiliko ninayoyasikia kwa mwili. Nilitoka kwenye matairi magumu ya upana wa 25 nikaenda 28 laini yanayokunjika, baada ya kuhakikisha kuna nafasi kwenye fremu na chini ya breki. Mimi hutaka angalau milimita 4 kila upande. Zamani nilikuwa napampu mpaka psi 110 nikiamini tairi gumu ndilo linakimbia. Kwenye lami yenye viraka, tairi gumu linakurusha juu, na nguvu ya kukurusha inatoka miguuni mwako. Sasa naweka 75 nyuma na 70 mbele, na kile kipande cha baada ya Boko kilichokuwa kinaniuma mikono nakipita nikiongea. Kama una laki mbili tu na ringi zako bado nzima, achana na magurudumu, nunua matairi. Pancha hazijaisha, bado kuna vile vinyaya vya matairi ya malori yaliyopasuka, vyembamba kama sindano, vimejaa pembeni mwa Barabara ya Morogoro.

Mahesabu yalikwenda hivi: habu 185,000, usafiri na kodi 70,000, ringi mbili 110,000, spoki pamoja na 6 za akiba 78,000, kusuka 40,000, utepe 10,000, matairi mawili 190,000, tyubu mbili 24,000. Jumla 707,000. Zile elfu saba nilizitoa kwenye nauli yangu, mama watoto hazijui.

Magurudumu si mepesi. Nadhani yamezidi yale ya zamani kidogo, sijayapima na sina hamu. Mvumo hayana. Kundini bado nakatika palepale nilipokuwa nakatika, vijana wakianza kukimbizana kurudi mjini. Ila sijakata spoki, na breki zinashika sawasawa kutoka mwanzo wa ringi hadi mwisho.

Baada ya wiki chache za kuendesha nilirudi kwa mzee akakaza tena kidogo upande wa kushoto, bure, na mimi nikampelekea soda. Safari hiyo ya pili usiiruke hata gurudumu likionekana limenyooka. Spoki za akiba, urefu wote, nimezifunga kwa utepe chini ya bomba la fremu pamoja na ufunguo mdogo wa spoki.

Mwenye baiskeli ya breki za diski mambo yake ni tofauti kidogo. Ringi hailiwi na breki, kwa hiyo magurudumu ya mtumba anaweza kuyanunua kwa hofu ndogo zaidi, lakini apime ekseli kwanza: nyingi za sasa ni 142 nyuma na ekseli nene ya milimita 12, na diski yenyewe ina namna mbili za kufungwa, ya skrubu 6 na ya pete moja ya katikati, ambazo haziingiliani hivihivi. Rula ya kupima ukuta wa ringi haitamsaidia. Kukagua tundu za spoki juani bado kunamhusu.

Habu zangu ni za gololi na vikombe, zinafunguka kwa spana mbili nyembamba. Mzee amesema nizilete Februari, kabla ya masika, aziweke grisi nzito, kwa kuwa mimi ni mtu wa kupita Coco Beach kila siku na chumvi haisubiri.